CU, kapelani, kikundi cha watu wanne au kanisa la mjini? Anza na swali la unalala wapi

Mpwa wangu ameitwa Chuo Kikuu cha Kenyatta mwaka huu. Siku ya kujisajili nilitarajia picha ya chumba chake au ya kitambulisho kipya, lakini picha ya kwanza aliyonitumia ilikuwa ya meza. Meza sita zimepangwa chini ya miti kama vibanda vya maonyesho, kila moja na daftari lake, kalamu iliyofungwa kwa uzi isije ikapotea, na kijana mwenye fulana anayetabasamu kupita kawaida. Kisha ukaja ujumbe wa sauti: "Anti, nimeandika jina kote. Nimeingizwa kwenye makundi saba ya WhatsApp, na leo jioni kuna mikutano mitatu saa ile ile. Niende wapi?"

Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na wiki ya kwanza chuoni ngoma ni nyingi. Mimi nilipoingia Chuo Kikuu cha Nairobi nilifanya vivyo hivyo. Niliandika jina kwenye madaftari manne, nikahudhuria kote kwa wiki tatu, na ulipofika mtihani mdogo wa kwanza nilikuwa nasinzia darasani mchana kwa sababu usiku nilikuwa nakesha nikiombea mtihani huo huo. Hakuna aliyenikosea. Sikujua tu kwamba mwanafunzi ana jioni mbili za kutoa kwa wiki, tatu akiwa hodari, na akizikatakata vipande hakuna kikundi kitakachomjua hata kwa jina.

Kwa hiyo sikumtajia kikundi. Nilimuuliza: unalala wapi?

Kitanda kwanza

Najua ni swali linaloonekana la kidunia. Watu wakilinganisha vikundi vya Kikristo huanza na mafundisho: nani anabatiza kwa maji mengi, nani ananena kwa lugha, nani anashika Sabato. Hayo ni mazito, na nitayafikia. Ila katika Nairobi hii nimeona wanafunzi wengi wakiacha ushirika kwa sababu ya usafiri wa matatu kuliko waliouacha kwa sababu ya mafundisho.

Anayelala kwenye mabweni ya Chuo Kikuu cha Nairobi, upande wa State House Road, amebarikiwa bila kujua. Kwa miguu anafika St Andrew's ya PCEA, kanisa la Wapresbiteri, anafika All Saints Cathedral ya Waanglikana, anafika Mamlaka Hill Chapel, na akiwa na pumzi anapanda hadi CITAM, kanisa la Kipentekoste la Valley Road. Mkatoliki ana kanisa la St Paul's pale University Way. Huyu anaweza kuchagua kwa moyo wake wote.

Wa KU (ndicho Chuo Kikuu cha Kenyatta) au wa JKUAT, chuo kikuu cha Jomo Kenyatta kule Juja, zaidi ya kilomita 30 kutoka katikati ya jiji, hana anasa hiyo. Ushirika wa ndani ya chuo uko dakika tano kutoka kitandani, na kanisa la mjini ni Thika Road kwenda na kurudi.

Halafu kuna aliyepanga bedsita nje, Ngara au Kahawa Wendani. Mkutano ukiisha saa tatu usiku, swali lake ni nani anaelekea njia ile ile. Na kuna wa nne, ambaye madaftari ya siku ya kwanza humsahau kabisa: anayetoka kwao Rongai au Kitengela kila asubuhi. Wingu likitanda tu makanga amebadilisha nauli, na mama yuko nyumbani anapiga simu. Mwambie huyu aje ibada ya Ijumaa jioni na atakuitikia kwa heshima, kisha hutamwona.

Shika hao wanne akilini, maana kila kikundi nitakachokitaja kinamfaa mmoja wao kuliko mwingine.

CU ukiiweka kando ya kikundi cha watu wanne

Nianze na ulinganisho ambao wengi hukwama hapo. Upande mmoja kuna CU, umoja wa wanafunzi Wakristo wa madhehebu mbalimbali. CU nyingi za vyuo vya hapa ziko chini ya mwavuli wa FOCUS Kenya, ulioanza 1973, nao ni sehemu ya IFES, jumuiya ya kimataifa ya wanafunzi wa kiinjili iliyoundwa 1947. Ukiwa ulikuwa CU ya sekondari, kule ambako KSCF, ushirika wa Kikristo wa wanafunzi wa shule, imekuwa ikihudumu tangu 1958, utaingia na kukuta nyimbo unazozijua na salamu ile ile ya "Bwana asifiwe".

Upande wa pili kuna mashirika yanayomlea mtu mmoja mmoja, au kwenye vikundi vidogo vya watu wanne hivi. Navigators ndio wanaojulikana zaidi kwa njia hiyo. Walianzishwa na Dawson Trotman huko California mwaka 1933, akianza na mabaharia, na ndiyo maana ya jina. Life Ministry ni ndugu yao wa mbali, tawi la Kenya la kazi aliyoianza Bill Bright mwaka 1951 katika chuo cha UCLA, Marekani. Hawa mkazo wao ni uinjilisti. Ukikaa nao muda mfupi tu utajikuta kwenye mkahawa wa chuo, kijitabu cha sheria nne za kiroho mkononi, ukimweleza mtu usiyemjua huku chai yake ikipoa.

Jambo la kuelewa kuhusu CU ni kwamba ni mali ya wanafunzi wenyewe. Mwenyekiti ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu mwenye mitihani kama yako. Wafanyakazi wa FOCUS huja kufundisha viongozi na kushauri, lakini hawaongozi ibada yenu wala hawashiki hela zenu. Kila mwaka kuna uchaguzi, wa zamani wanatoka na wapya wanaingia.

Uzuri wake niliuona Ijumaa moja ya mwaka wangu wa pili. Ukumbi tuliopewa ulikuwa na kipindi cha uchumi hadi saa moja kamili. Tulisimama nje na spika mbili za kukodi, waya umeviringishwa shingoni mwa kijana wa mitambo kama mtandio. Mwalimu alipotoka tukaingia mbio. Dada mmoja alianza kufuta ubao, chaki ikamwangukia kwenye sketi, akaachia katikati kwa kuwa waimbaji walikuwa wameshaanza. Mhubiri alihubiri neema saa nzima mbele ya nusu ya mchoro wa mahitaji na ugavi. Hakuna aliyelipwa. Katibu aliyeandika barua ya kuomba ukumbi ule alikuwa na miaka 20, na leo ana ofisi yake mwenyewe. Huniambia barua za CU ndizo zilizomfundisha kuandika kwa mkubwa asiyetaka kukujibu.

Ubaya wake ni huo huo wa kuwa mikononi mwa vijana. Ladha hubadilika na kamati. Mwaka huu Biblia inafunguliwa sura kwa sura, mwaka ujao kila Ijumaa ni mgeni mwenye unabii wa kazi na ndoa. Wingi nao una hatari yake. Unaweza kukaa CU miaka minne, fulana unayo, misheni umeenda mbili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukuuliza unaendeleaje na Mungu wako. Kamati nazo humeza watu: waimbaji, wakaribishaji, waombaji, mitambo, na vile vikosi vya uinjilisti vya kimkoa vinavyowakusanya wanafunzi wa Ukambani, wa Nyanza, wa Magharibi na kwingineko kwenda kuhubiri nyumbani wakati wa likizo. (Vikosi hivyo, nikiongeza bila kuulizwa, vimeozesha watu wengi kuliko kamati yoyote.)

Dawa ya CU dhidi ya wingi ni vikundi vya kujifunza Biblia, watu wanane hadi kumi na wawili kwa kila bweni au mtaa. Ukitaka kuipima CU ya chuo chako, usiangalie ukumbi wa Ijumaa. Nenda kwenye kikundi cha bweni lako siku ya katikati ya wiki. Ukikuta watu wanne wanasoma Wafilipi bila mtu wa kuwakumbusha, CU hiyo iko hai. Ukikuta kikundi kipo kwenye ratiba tu, umejua. Uliza pia kama kuna wanaopitia BEST-P, mafunzo ya FOCUS ya kusoma na kufafanua Maandiko. Si chuo kizima huyafanya, na wanaoyafanya utawatambua kwa namna wanavyouliza maswali.

Sasa Navigators. Niliishi chumba kimoja na mwanafunzi wa sayansi aliyekuwa akilelewa nao. Alikuwa na rundo la kadi ndogo lililofungwa mpira, mstari mbele na andiko lake (kitabu, sura na aya) nyuma. Seti yao ya kukariri ina mistari 60. Saa saba mchana alikutana na mlezi wake kwenye benchi kule Chiromo, kampasi ya sayansi, chipsi za karatasi katikati yao. Alitaja mada, akataja andiko, akasema mstari, kisha akarudia andiko. Akikosea neno moja mlezi hakusema kitu, alisubiri tu huku akipuliza chipsi. Rafiki yangu alikuwa akirudi chumbani amekasirika, na kesho yake mstari anao.

Pale hakuna spika wala fulana, na hakuna pa kujificha. Ukikosa mara moja simu inalia. Ukisema uko sawa na huko sawa, mtu aliye nusu mita mbele yako ataona. Kwa anayetaka kukua hiyo ni riziki. Ila kila kitu kinamtegemea mlezi: akiwa mtu wa busara umepata ndugu wa maisha, akiwa mtu wa kutawala umepata mkuu wa bweni. Na hutajifunza kuongoza mkutano wa watu mia tatu kwa kukariri kwenye benchi.

Nikiviweka bega kwa bega, nasema hivi. Anayelala ndani ya chuo aanze na CU, hasa kikundi cha Biblia cha bweni, na ifikapo muhula wa pili, akishazijua sura za watu, atafute mlezi. Wa Rongai na Kitengela afanye kinyume: atafute kikundi cha watu wanne kinachokutana mchana, na CU aionje kwenye siku maalumu tu. Nimeona wengi wa kutoka nyumbani wakijihukumu kuwa vuguvugu kwa sababu hawafiki Ijumaa. Si vuguvugu. Ni Magadi Road saa kumi na mbili jioni.

Mpole, asiyeongea na watu, asikimbilie Life Ministry kwa kudhani ni sawa na Navigators. Wala asiikimbie. Namjua mmoja aliyekuwa haongei hata kwenye lifti, na kile kijitabu kilimpa maneno ya kuanzia. Lakini aingie akijua anachoingia.

Kapelani, na wale wa Sabato

Mkatoliki akifika chuoni hukuta njia yake imeshalimwa. KU kuna parokia ya Christ the Teacher humo humo chuoni; mjini kuna St Paul's niliyoitaja. Ukisalimu "Tumsifu Yesu Kristo" unaitikiwa "Milele na milele, Amina", na ushajulikana wewe ni wa nyumbani. Aliyekuwa YCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki, sekondari atakumbuka ule mtindo wa tazama, amua, tenda, unaotokana na kazi ya padri Mbelgiji Joseph Cardijn. Na kuna jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa mkazo kwenye mkutano wao wa AMECEA hapa hapa Nairobi mwaka 1976.

Ukiiweka ukapelani kando ya CU, tofauti kubwa ni umri wa anayeongoza. Padri ni mtu mzima, ameona vizazi vya wanafunzi vikija na kwenda, na uchaguzi wa kila mwaka kama wa CU haumwondoi. Ukifiwa saa nane usiku kuna mlango wa kugonga. Kinachopungua ni nafasi ya wanafunzi kubeba mzigo wenyewe. Ipo, kwenye kwaya na kwenye jumuiya, ila uamuzi wa mwisho ni wa kasisi.

Wakatoliki wengi pia huingia CU, nami sioni ubaya, ila uliza kwanza. Kuna CU ambako Mkatoliki ni ndugu, na kuna nyingine ambako kila Ijumaa atahubiriwa aokoke kana kwamba amefika jana kutoka msituni. Utajua ndani ya wiki mbili.

Waadventista wana jambo moja linalozidi yote, nalo ni ratiba. Sabato inaanza Ijumaa jua likitua, na vyuo vya Nairobi vinapenda Jumamosi kwa vipindi na mitihani, hasa kwa wanaosoma jioni na wikendi. Ibara ya 32 ya Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa dini, lakini Katiba haiandiki barua kwa niaba yako. Kikundi cha Waadventista chuoni huwa na watu wanaojua barua iende kwa nani na iende lini. Iende rasimu ya ratiba inapobandikwa, usingoje wiki ya mtihani. Kwa hilo peke yake, Mwadventista asianzie kwingine.

Waanglikana na Wapresbiteri wa vyuo vya umma wengi huishia CU siku za wiki na kanisa lao Jumapili, na mpango huo hauna neno. Wa vyuo vya Kikristo kama Daystar au Pan Africa wana ibada ndani ya ratiba ya chuo na kapelani wa kuajiriwa. Nao nawashauri watafute kikundi kidogo cha hiari, maana ibada iliyo kwenye ratiba ya masomo mtu huweza kuihudhuria miaka minne akiwa amelala macho wazi.

Basi la Jumapili

Saa moja na nusu asubuhi, Jumapili, utaona mabasi yameegeshwa nje ya mabweni. Baadhi ya makanisa makubwa ya jiji huyatuma kuchukua wanafunzi. Si jambo la ajabu ukijua historia. Nairobi Chapel ilianza 1952 karibu na mahali chuo kikuu kilipo sasa, na kufikia 1989 ilikuwa imebaki na watu wachache mno. Vijana wa chuo ndio walioijaza tena baada ya kupata uongozi mpya. Mwaka 2005 ikagawanyika kuwa makanisa kadhaa: Mamlaka Hill ilibaki kwenye kilima kile kile cha wanafunzi, na Mavuno ikazaliwa. Kwa hiyo kijana anayesema "mimi sitaki CU, nataka kanisa la kisasa" mara nyingi anaingia nyumba iliyojengwa na wanafunzi wa jana.

Kanisa la nje linakupa kitu ambacho CU haiwezi kukupa hata ikijitahidi vipi. CU haina mzee, haina mtoto mchanga, haina mazishi. Kila mtu ana miaka 19 hadi 24, kila mtu anaogopa mtihani mmoja. Kwenye kanisa utakaa nyuma ya mjane, kando ya baba aliyefutwa kazi, mbele ya mtoto anayekupiga teke kwenye kiti. Utaona ndoa za watu ambao si wachumba tu.

Ila basi nalo lina mipaka. Linakuchukua na kukurudisha, na katikati uko kwenye umati. Usipotafuta mlango wa ndani utabaki abiria. Makanisa yenyewe yanajua hilo: CITAM wana Safari Groups za mitaani, Mavuno wana darasa la Mizizi, na wengine wana majina yao. Uliza mlango huo uko wapi Jumapili yako ya pili, usingoje mwaka wa pili. Na kama kikundi hicho cha mtaani kinakutana Lavington na wewe uko Juja, basi kanisa hilo kwako ni la Jumapili tu. Lichukue hivyo bila kujilaumu.

Boom na fungu la kumi

Hela. Pesa za HELB, mkopo wa serikali kwa wanafunzi ambao chuoni tunauita boom, zikiingia, chuo kizima kinanukia nyama ya kuchoma, na wiki hiyo hiyo ndipo matangazo ya michango huongezeka.

CU itakuomba mchango wa misheni, wa kambi, wa fulana, na ada ya uanachama. Mmoja mmoja ni midogo, ukijumlisha si midogo. Vikundi vya kulea havikuombi karibu chochote, lakini ujue walezi wengi wa mashirika hayo huishi kwa msaada wanaochangisha kwa marafiki, na siku utakapopata kazi utapigiwa simu. Ni haki yao, nami hutoa kwa mmoja wao hadi leo. Kanisani basi ni la bure na kikapu kinapita. Kwa kapelani mara nyingi ni sadaka ya kawaida.

Je, mkopo utolewe fungu la kumi? Nimesikia mahubiri ya pande zote mbili. Mimi nasema HELB si mapato, ni deni lenye riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na sijawahi kuona kwenye Maandiko mtu akiagizwa kutoa sehemu ya kumi ya deni. Toa ulicho nacho kwa moyo, hata shilingi hamsini. Kikundi kinachokufanya uone aibu kwa kutogawa boom yako, kipime upya.

Nilipokimbia

Mwaka wa kwanza, moja ya yale madaftari manne lilikuwa la kikundi ambacho sitakitaja. Walinipenda haraka sana. Chakula kizuri, watu wanajua siku yangu ya kuzaliwa, kila mtu ananishika mkono. Baada ya mwezi, dada aliyekuwa ananilea alitaka nimwandikie ratiba yangu ya wiki saa kwa saa. Kisha akaanza kuliita kanisa la mama yangu kanisa mfu. Pasaka akanishauri nisiende nyumbani, kuna mafunzo. Ndugu mkubwa wa baba yangu akafariki mwezi uliofuata, nikaomba ruhusa (ndiyo, nilikuwa nimefikia kuomba ruhusa) ya kwenda mazishini, nikaambiwa waache wafu wazike wafu wao.

Nilipanda basi la usiku siku hiyo hiyo. Simu zao zilikuja kwa wiki mbili, tamu, kisha za vitisho, kisha kimya.

Tangu mambo ya Shakahola, kule Kilifi ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga hadi kufa, yalipojulikana mwaka 2023, wazazi wa Nairobi nao wameanza kuuliza maswali ambayo zamani tuliyaona ya watu wasio na imani. Waulize. Mimi nimebaki na swali moja ninalompa kila mtoto wa jamaa anayeingia chuo: naweza kumleta mama bila kutoa taarifa? CU unaweza, atapewa kiti cha mbele na kuombwa asalimie. Kwa padri unaweza. Mlezi wa Navigators atamnunulia chai. Penye kigugumizi, ondoka.

Ukishavaa joho na kulirudisha

Hapa ndipo ulinganisho wote hupinduka, na ndipo wengi huanguka. CU inakwisha siku moja. Umezoea watu mia tatu wanaokujua, halafu uko Roysambu kwenye chumba cha kupanga, unatafuta kazi, na Ijumaa jioni ni wewe na jirani anayepika omena.

FOCUS wana mpango wa mwaka mmoja, STEM, ambapo aliyemaliza huhudumu vyuoni kabla ya kuingia kazini. Ni mzuri kwa anayejua ana wito, na mgumu kwa mzaliwa wa kwanza ambaye nyumbani wanahesabu miezi. Usiende kwa sababu tu unaogopa kuondoka chuoni. Nimewaona hao pia.

Mimi nilifanya kosa jingine. Kwa miaka miwili nilipanda matatu mbili kila Jumapili kwenda kanisa la Mombasa Road kwa sababu muziki wake ulinikumbusha chuo. Kisha nikaugua homa ya matumbo siku tisa. Mwenye nyumba ndiye aliyeniletea uji. Kanisani hawakujua, na wangejuaje? Nilipopona nikatafuta kikundi cha mtaani kinachokutana Alhamisi, dakika saba kwa miguu. Mahubiri ya kanisa hilo si matamu kama yale mengine, na mpiga kinanda hukosea wimbo ule ule kila wiki. Kikundi kina mwalimu wa shule ya msingi, fundi wa friji na mama wa watoto watatu, na nikikosa wiki mbili fundi wa friji hupita.

Kwa hiyo mwenye miaka 25 na kitu, aliyekwishaajiriwa au anayetafuta, achague kwa kinyume cha mwanafunzi wa State House Road. Asianze na anachokipenda ndipo ahesabu nauli. Achore duara la dakika ishirini kwa miguu kutoka mlangoni kwake, Mkatoliki aangalie jumuiya ya ploti yake, wengine waangalie vikundi vya nyumbani, kisha ndani ya duara hilo achague anachokipenda. Na aliye mwaka wa tatu sasa aanze kuhudhuria kanisa la mtaani mara mbili kwa mwezi kabla joho halijamkuta.

Mpwa wangu hakupata bweni. Wamepanga watatu Kahawa Wendani, kitanda cha ngazi na godoro moja la chini. Ametoka kwenye makundi matano ya WhatsApp, akabaki na mawili: la CU, na la kikundi cha Biblia cha Wendani kinachokutana Jumanne kwenye chumba cha dada mmoja wa mwaka wa tatu. Jumapili bado anaonja. Jana aliniletea sauti nyingine: "Anti, Ijumaa kuna kesha, tunatoka saa kumi na moja alfajiri, tutarudi Wendani watu tisa. Nibebe nini?"

Nimemwambia sweta, mandazi za kugawa, na chaja, maana yule wa mitambo atamaliza soketi zote.